Mrejesho: Kiwanda kilichotupunguzia siku na mshahara

Wakuu, niliuliza nifanyeje baada ya kiwanda cha minofu ya sangara ninachofanyia kazi hapa Mwanza kutushusha kutoka siku sita za kazi hadi tatu kwa wiki, mshahara nao nusu, eti samaki wamepungua.

Kilichosaidia ni ule ushauri wa kutosaini kitu kabla ya kusoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 15 kinataka masharti yakibadilika mwajiri ashauriane na mfanyakazi, kisha ampe taarifa ya maandishi. Sisi tuliambiwa getini kwa mdomo! Tukaenda wachache kwa afisa utumishi, mikataba mkononi, bila kelele. Tukataja na CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60. Siku tatu zikawa nne, safari hii kwa barua yenye tarehe ya mwisho wa mpango huo. Mshahara kamili haujarudi, nisiwadanganye.

Siku za mapumziko nachukua dagaa mwaloni Kirumba, mama watoto anapima kwa visado Buhongwa. Mvua ikinyesha dagaa hawakauki vizuri, faida inayeyuka. Kodi, mwenye nyumba kakubali mwezi kwa mwezi.

Aliyeniambia nikope kwenye simu: hapana mkuu, riba ile siiwezi.

Halafu kagueni michango yenu ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango unafuata mshahara: mshahara ukikatwa, na mchango unapungua. Wengi kazini hawakulijua hilo.