Mafundi wa Mombasa, "baridi" gani hiyo mnayotulipisha?

Jamani, leo lazima niseme. Tangu Juni gari langu la petroli linanisumbua kuwaka asubuhi. Stata inazungusha kwa nguvu zote, injini haishiki. Mara nne, mara tano, likishika linatetemeka kama mwenye malaria. Dakika mbili tu, basi, mchana kutwa halina neno.

Fundi wa kwanza, Magongo: "Betri hiyo, baridi ya kusi imeingia." Nikatoa 9,500. Wallahi sijui akili yangu ilikuwa wapi, kwa sababu betri mbovu haizungushi stata vile! Usiku wa kuamkia siku hiyo niliipima mwenyewe: volti 12.6, na ikipiga stata haishuki chini ya 10. Betri nzima, na kabaki nayo yeye.

Wa pili, Kisauni, akabadilisha plagi zote nne. Kesho yake yale yale.

Wa tatu hata boneti hakufungua. "Bosi, baridi tu hiyo, liwache lipate moto." Baridi ya wapi? Hapa Julai alfajiri ni nyuzi 20 na kitu, watu tunalala na feni! Na chai yangu alikunywa.

Mwezi uliopita nikaenda Limuru harusini kwa shemeji. Kule baridi ipo kweli, vioo vimejaa umande, na gari likagoma kabisa mbele ya wakwe. Kijana mmoja wa hapo akachomeka skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, akafungua swichi bila kupiga stata, akanionyesha: joto la maji ya injini, nyuzi 80. Gari limelala nje usiku kucha!

Kumbe ni sensa, kile kidude kinachopima joto la maji. Injini ikiwa baridi kompyuta huongeza petroli ili ishike; sensa ikiiambia "niko moto", petroli haiongezwi. Taa ya injini haikuwaka kwa sababu sensa haijafa, inasema uongo tu. Kwa joto letu la Pwani gari lilijikongoja likashika, Limuru likashindwa.

Sensa na ufundi, 1,400. Sasa nagusa ufunguo mara moja tu.

Mafundi watatu, hakuna hata mmoja aliyechomeka skana! Na wewe wa Magongo, kama unasoma hapa, Jumamosi asubuhi naifuata betri yangu. Usiiuze.