Siti ya dirishani

*UKOO WA JANG'OMBE 🌙*

Shangazi Zuwena: Asalaam alaykum jamaa. Salma hongera tena mwanangu, Mungu akukuzie. Sasa bibi yenu hajalala jana, kaniamsha alfajiri ananambia niwaandikieni huku kuwa mtoto ataitwa Siti, akika Ijumaa, na kuwa hilo haulizi, anaarifu

Nasra: 😂😂 haulizi anaarifu

Salma: Waalaykum salaam shangazi. Bibi namheshimu sana ila mie na baba'ke tushapanga Aleena. Siti jamani?? mtoto atasoma Dar huyu, wenzake darasani si watammaliza, siti ya mbele, siti ya nyuma, siti ya dirishani, na makonda wanamtaja barabara nzima bure

Nasra: Mbagala Mbagala siti zipooo, ingia mama levo siti hatusimamishi

Salma: si ndo hayo nasema

Suleiman (Muscat): Mie nimegugo saa hii Siti tu peke yake nikaletewa Malaysia nzima, wa kwanza Siti Nurhaliza yule muimbaji wao, halafu kina Siti chungu nzima hata sijui nani ni nani. Kumbe kwetu limekua la vikongwe kule ni kama Fatma

Shangazi Zuwena: Hebu tueleze wewe, Malaysia wamelipata wapi?

Suleiman (Muscat): Kiarabu shangazi. Sitti yaani bibi yangu, mwanamke wa heshima, asili yake sayyidati ikakatwakatwa na midomo ya watu. Malaysia na Indonesia wanalitia mbele ya jina jengine, Siti Aisyah, Siti Khadijah. Hata Umm Kulthum Wamisri walikuwa wakimwita al-Sitt tu basi, ukisema al-Sitt kaimba kila mtu anajua nani

Idrisa (baba mtoto): Salaam wakwe zangu. Mimi sina neno, mama yangu naye anataka Zulekha kwa hiyo niko katikati kama samli ya mkate wa kusukuma

Salma: Idrisa usilete Zulekha humu tafadhali

Nasra: Da Salma shukuru, bibi angeweza kusema Kijakazi. Au Mtumwa 😂

Ami Khamis: Nasra umecheka jina ambalo hulijui. Nimestaafu kufundisha lakini hapa mtanisikiliza dakika mbili. Siti binti Saad mnaemsikia, yule aliyezaliwa Fumba kwenye 1880 hivi, hakuzaliwa Siti. Alizaliwa MTUMWA. Wazee wake wana asili ya bara, baba Mnyamwezi mama Mzigua, watu wa chini kabisa kwenye Unguja ya masultani, na mama alikuwa mfinyanzi, binti ndo anabeba vyungu kichwani anavileta mjini kuuza huku anavitangaza kwa sauti. Alipohamia mjini akajifunza kuimba, na enzi hizo taarabu ilikuwa mambo ya kasri na vilabu vya wanaume na ikiimbwa Kiarabu, yeye akaimba Kiswahili, mpaka mwaka 1928 wakavuka bahari yeye na wenzake kwenda Bombay kurikodi santuri, na kabla yake hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyewahi kurikodi. Jina la Siti ni la kupewa ukubwani. Yaani mtu alietoka kwao anaitwa Mtumwa mji ukamwita Bibi. Na watu walimsema, ooh kaja mjini na kaniki, ooh sura hana, lakini wakitaka kumsengenya inabidi wamtaje na wakimtaja washamheshimu

Ami Khamis: Na hao kina TAMWA, wanahabari wanawake, walipoanzisha gazeti lao waliliita Sauti ya Siti. Hawakuokota jina njiani

Suleiman (Muscat): Ami swali, sasa mtoto ataitwaje Mtumwa na mzazi wake mwenyewe?

Ami Khamis: Mambo mawili. Wengine ilikuwa hali yenyewe, umezaliwa kwa watu waliotumikishwa jina linakufata. Wengine walikuwa waungwana kabisa ila wamezika watoto, sasa huyu aliebaki anapewa jina la kudharauliwa ili kijicho kisimtazame. Na wapo wanaokwambia ni mtumwa wa Mungu, kama Abdalla tu. Ukikutana na Bi Mtumwa huwezi kujua ipi mpaka umuulize na si vizuri kumuuliza

Nasra: sikujua ami samahani 🙏🏾

Shangazi Zuwena: Bibi nimemsomea yote mpaka hayo ya daladala. Kacheka. Halafu kanyamaza muda, kaniambia washa hicho kidude nizungumze. Sauti haisikiki vizuri kuna feni nawaandikia mimi:

Shangazi Zuwena: "Salma mjukuu wangu mie sikulazimishi, niliyosema asubuhi yalikuwa ya hasira za usingizi. Lakini uyajue. Unamjua mama yangu kwa jina gani? Mama Mtu. Nyote mnamjua Mama Mtu, mnasema kwa kuwa alikuwa mtu wa watu. Sivyo. Alikuwa Mtumwa, watu wakalikata wakamsitiri. Utumwa wenyewe yeye hakuukuta, keshazaliwa umepigwa marufuku, jina ndo lilobaki. Akienda kisimani wanamwita wee Mtumwa njoo, mtoto mdogo anamwita, mkubwa anamwita, na yeye anaitika.

"Sasa akaolewa akashika mimba, na hapo zile santuri za Bombay zimeshaenea, zile zina picha ya mbwa anasikiliza gramafoni. Baba hakuwa na gramafoni alikuwa akenda mkahawani anasikiliza anarudi nyumbani anaimba vibaya. Siku moja mama akamuuliza, huyo Siti ndo yule Mtumwa wa Fumba? Baba akamwambia ndie. Mama hakujibu kitu. Alipojifungua, wifi zake wakaja na majina yao, wengine Tatu wengine Mize, yeye akasema mie nimeitwa Mtumwa na kila alopita njia, huyu wangu kila mtu atamwita bibi, apende asipende, hata anaetaka kumtukana itabidi aanze kumwita bibi ndo atukane. Ndo dada yangu Siti. Hakujaaliwa mtoto. Nilingoja mtoto wa kike kwenye nyumba hii nikapata Zuwena, baba yake akampa jina la mama yake. Nikangoja wajukuu, mkaja na majina ya kwenye televisheni. Sasa nimechoka kungoja ndo nikasema kwa ukali."

Shangazi Zuwena: Mwisho hapo. Mie mwenyewe hii ya kisimani sijapata kuisikia na nakaa nae nyumba moja mwaka wa 52

Nasra: _Ujumbe huu umefutwa_

Nasra: nimefuta ule wa juu wa majina

Ami Khamis: Hata mimi Mama Mtu nilijua ni mtu wa watu. Miaka arobaini nafundisha watoto wa watu historia

Suleiman (Muscat): Nimesoma niko kazini hapa naangalia ukuta

*[saa 3:40 usiku]*

Salma: Samahanini nilikuwa nanyonyesha. Nimesoma mara mbili nikamsomea na Idrisa. Shangazi bibi kalala?

Shangazi Zuwena: Bado, anajifanya kalala

Salma: Mwambie tangazo la hospitali bado hatujalipeleka kuandikisha cheti, jina halijaandikwa popote. Mie nilikuwa nalikataa kwa ajili ya konda wa daladala kwa kweli, sikuwa na sababu nyengine. Na ule mchezo wa siti si hata jina letu lile, ni kiti cha Kizungu kimevaa sauti ya kwetu

Ami Khamis: Barabara kabisa. Maneno mawili yamekutana njiani hayajuani

Idrisa (baba mtoto): Mama yangu nimempigia. Kasema Zulekha atangoja wa pili. Kasema pia kama jina ni Siti basi yeye anataka kumwita Bi Siti sio Siti kavu

Suleiman (Muscat): hiyo ni Bibi Bibi shemeji 😂 kheri mara mbili

Nasra: Na jueni si la kizee kiivyo, yupo Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad mwenyewe, anaimba na katoa albamu 2020. Nimemsikiliza jioni yote nikipika, nimeunguza mchuzi

Salma: Siti Idrisa. Limekaa vizuri mdomoni eti?

Shangazi Zuwena: 🤲🏾🤲🏾 Bibi kasikia. Kasema "haya" halafu kageukia ukutani. Musimpigie saa hii

Ami Khamis: Mashaallah. Sasa twende kwenye mambo, mtoto wa kike mbuzi mmoja, mbuzi namtoa mie. Mchele nani

Suleiman (Muscat): Mchele na samli juu yangu natuma kesho. Nasra usipokee wewe, pesa ipite kwa shangazi

Nasra: kaka Sule nimekukosea nini

Shangazi Zuwena: Salma mnakuja lini? Musije usiku na kichanga

Salma: Alhamisi boti ya asubuhi inshaallah, Idrisa keshakata tiketi tatu na mama mkwe

Nasra: Da Salma bahari mwezi huu inachafuka, kaa mbali na dirisha utatapika

Salma: La, mie na mwanangu tunakaa siti ya dirishani