Tupeane uzoefu: BMI ya mabinti wanaokua

Wadau, habari zenu. Wenye mabinti wa miaka 9 hadi 17, tuambizane mlivyoelezwa kuhusu uzito wao. Wangu ana miaka 12, kilo 36, urefu sentimita 148. Programu ya simu imetoa BMI (kilo ukigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) 16.4 na maandishi mekundu: uzito pungufu. Mtoto anakula, anacheza netiboli, haumwi. Sasa bibi yake anamlazimisha uji wa karanga kila usiku, na mwenyewe ameanza kujikagua kwenye kioo.

Mama Pacha: Pole mwenzangu. Hiyo programu imetumia viwango vya watu wazima, 18.5 hadi 25. Kwa miaka 5 hadi 19 hesabu ni ileile, ila jibu linasomwa kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, kwa umri, na wasichana wana yao. Miaka 12 katikati ni 18.0, wembamba wa kutia shaka ni chini ya 14.4, uzito uliozidi ni juu ya 20.8. Binti yako hana neno.

Wangu alikuwa upande wa pili. Miaka 11 akajaa mapaja na tumbo, shangazi zake wakaanza kumhesabia chapati. Nilichukia sana. Afisa lishe akaweka vipimo vyake vya nyuma kwenye chati: anapanda sambamba na mistari. Akasema mwili unajiandaa kuvunja ungo, asinyimwe chakula. Mwaka uliofuata alirefuka, sketi za shule zote zikawa fupi.

Nesi wa Zamu: Urefu upimwe bila viatu, visigino viguse ukuta, na msihesabu nywele zilizosukwa kwa juu. Huyo wa kilo 36 ukimwongezea sentimita 3 kimakosa, 16.4 inakuwa 15.8. Kipimo kimoja hakitoshi, rudieni baada ya miezi kadhaa. Akianza kushuka mistari, hedhi ikikatika au akikwepa kula, mleteni haraka.

Mwalimu wa Bweni: Shule niliyofundisha mwanzo kilo zilitajwa kwa sauti mbele ya darasa. Wasichana wakubwa wakawa hawaji siku hiyo. Nilipo sasa mizani iko kwa matroni, anaingia mmoja mmoja, namba inaandikwa bila kutangazwa. Wanakuja wote.

Mama Pacha: Safi sana mwalimu. Waliovunja ungo wakiwa na miaka 9 au 10, wazazi wao nao waseme, hatujawasikia.