Tupeane uzoefu: uliyewahi kupigania ajira ya serikali kisheria, ilikuwaje? (Kigoma na Tabora)

Mgebuka Mkavu
Wakuu salaam. Naanza na yangu, msije mkasema nimekuja kutafuta umbea.

Mwaka jana niliomba utendaji wa kijiji daraja la III kwenye halmashauri moja huku Kigoma. Kidato cha nne ninacho, cheti cha Hombolo, kile chuo cha serikali za mitaa, ninacho, na ukomo wa umri wa miaka 45 bado nausikia kwa mbali. Mtihani wa kuandika nikapita. Mahojiano nayo niliona nimejibu vizuri, ingawa mjumbe mmoja alikuwa bize na simu yake. Wiki mbili baadaye jina langu likabandikwa ubaoni, la tano kutoka juu. Nikapiga picha, nikamtumia mama.

Siku ya tatu narudi kuulizia barua, nakuta karatasi nyingine. Ile ya kwanza ilibanduliwa kwa pupa, pembe moja ilibaki imeng'ang'ania kwenye gundi. Namba tano ni mtu mwingine, na kwenye usaili simkumbuki kabisa.

Ofisini nikaambiwa, "Yalikuwa makosa ya uchapaji, njoo Jumatatu." Jumatatu zikawa nyingi. Nilipopata nauli ya kwenda kumwona wakili Kigoma mjini, aliuliza swali moja tu: tangazo la pili lilibandikwa lini? Nikahesabu. Miezi saba na siku kadhaa. Akavua miwani, akaiweka mezani.

Kumbe ukitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa mamlaka ya umma una miezi sita, na hapo ni kuomba kibali tu, kesi yenyewe bado. Nani mwingine yamemkuta? Mlipita mlango upi?

Binti Isevya
Pole sana kaka. Yangu ilikuwa ya majina. Cheti cha shule kina majina mawili, kitambulisho cha taifa kina matatu, na la katikati limeandikwa tofauti. Usaili nilipita, nikaitwa kazini, nikafungasha begi. Kuripoti, afisa utumishi akaweka karatasi mbili sambamba, akapitisha rula chini ya jina langu, halafu akanirudishia faili.

Nilimpelekea kiapo cha mahakamani, akakikataa. Akataka dipoli, ile hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kilichoniokoa ni mama mmoja wa steshenari hapa Tabora. Aliniambia kabla sijaondoka mjini niandike barua ya kuomba muda, nitoe kopi, na kopi yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Hati ilipotoka nilikuwa nimeshachelewa tarehe ya kuripoti, lakini ile kopi ilionyesha nilifika kwa wakati. Nikapokelewa.

Jongoo wa Mwandiga
Huyo namba tano mpya ana undugu na nani pale ofisini? Nauliza tu.

Mgebuka Mkavu
Sijui mkuu, na wakili kanikataza kusema nisichoweza kuthibitisha.

Mtoto wa Mtendaji
Hii ni ya mzee wangu, Urambo. Alikuwa mtendaji wa kijiji, elimu darasa la saba. Uhakiki wa 2017 wengi mnaukumbuka kwa vyeti feki, wale 9,932 waliotangazwa Dodoma, lakini wazee wa darasa la saba nao waliondolewa kwa kukosa kidato cha nne, bila kughushi chochote. Mzee alirudi nyumbani na baiskeli na daftari la wakazi. Daftari likarudishwa kesho yake.

2018 serikali ikatoa msimamo kwamba walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004 warudishwe. Sasa thibitisha uliajiriwa lini! Faili lake ofisini lilikuwa jembamba kama chapati ya hotelini. Tukapekua sanduku la mama, chini kabisa ya vitenge, tukakuta barua ya ajira ya 2002 imekunjwa mara nne, kwenye mikunjo imeshatoboka. Hatukuigusa tena kwa mikono, tuliibeba ndani ya daftari kubwa. Alirudi kazini. Yangu niliilaminisha siku ileile niliyoajiriwa.

Mtani wa Nzega
Mimi nilishinda, ila msinipongeze bado.

Niliachwa kwenye usaili wa udereva kwa sababu ambayo haikuwemo kwenye tangazo. Nikawahi, nikaomba kibali Mahakama Kuu hapa Tabora, nikapewa. Wengi wanaangukia hapo hapo: ukishapewa kibali una siku 14 za kufungua maombi yenyewe, wao wanashangilia wiki nzima. Tukafungua, tukasikilizwa, uamuzi ukatenguliwa.

Sasa sikieni. Mahakama haikuniajiri. Ilisema utaratibu ulikiukwa, usaili urudiwe. Ukarudiwa kihalali kabisa, nikawa wa nne. Nafasi zilikuwa mbili. Waha mnaruhusiwa kucheka, nimewazoea.

Binti Isevya
Mtani nimecheka halafu nikajisikia vibaya 😂

Karani Mstaafu
Wanangu, mnachanganya milango. Ukiwa tayari mtumishi ukafukuzwa, unakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, na usiporidhika unakwenda kwa Rais. Tangu sheria irekebishwe 2016, mtumishi akikimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla ya kumaliza ngazi hizo anarudishwa. Nimewaona wamebeba mafaili makubwa, wanarudishwa mlangoni.

Mgebuka hajawa mtumishi, ni mwombaji tu. Mlango wake ni huo aliotajiwa na wakili. Na kijana, miezi sita ikipita hujafungiwa kabisa. Unaweza kuomba kuongezewa muda, ila uwe na sababu ya kutosha, na majaji wetu wanataka ueleze kila siku uliyochelewa. Kila siku, si kila mwezi. "Nilikuwa nafuatilia" haitoshi. Ulifuatilia tarehe ngapi, ulimkuta nani, una karatasi gani? Uliandika barua hata moja?

Mgebuka Mkavu
Shikamoo mzee. Barua sikuandika. Niliona nikiandika watanichukia.

Jana usiku nimekaa na kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu. Zile Jumatatu nazikumbuka nyingi: moja afisa alikuwa kikaoni, moja amesafiri Dodoma, mbili alinikuta kwenye benchi akanipita. Nina tiketi tatu za basi na ile picha ya ubao, tarehe inaonekana. Wiki mbili nililazwa, cheti cha hospitali ninacho.

Lakini kuna siku 41 mfululizo sina cha kuandika. Ulikuwa msimu wa maharage, nilikuwa shambani Kasulu, nilishakata tamaa. Mzee, hizo naziandikaje?