Tupeane uzoefu: Vitu walivyotuachia wazee, unavitumia au umevifungia kabatini?

Mkaa Sinza:
Wakuu, habari za Jumapili.

Kila wiki siku kama ya leo nakuna nazi kwa mbuzi ya marehemu bibi. Najua sokoni wanakuna kwa mashine huku unasubiri, na tui la pakiti limejaa madukani. Lakini hii mbuzi ni ya mninga, kikalio kimelika upande mmoja alikokuwa anaegemea, na meno ya ulimi bado makali. Ukizungusha kizio taratibu, usiguse kifuu, nazi inaanguka kwenye sinia nyeupe pee, bila punje ya kahawia. Halafu kifumbu, tui zito pembeni, tui jepesi ndilo linaanza na maharage. Hapo hata simu sishiki.

Shangazi hataki kabisa. Anasema kitu cha marehemu kinawekwa, hakichezewi. Mimi naona bibi mwenyewe angenicheka akikuta mbuzi yake imepangwa sebuleni kama kombe la mpira.

Nyie kwenu kuna nini, na mnakifanyia nini?

Baba Wawili:
Redio ya mzee, enzi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam). Inakula betri kubwa, zile zikiisha nguvu tunazianika juani zipate uhai wa taarifa ya habari ya saa mbili. Siku hizi inakoroma tu. Naiwasha hivyo hivyo, mke wangu ananishangaa.

Binti Pangani:
Mkaa Sinza, mimi nipo upande wa shangazi yako.

Mama alinunua doti ya kanga Mtaa wa Uhuru, "Nani kama mama", ampelekee bibi Pangani. Hakufika. Ile doti mpaka leo haijakatwa, vipande viwili vimeshikana vile vile vilivyotoka dukani. Naitoa kwenye sanduku, naikunjua kitandani, naikunja. Nikiikata na kuipinda itakuwa kanga yangu, na mimi sikununuliwa hiyo kanga. Kutumia siyo jibu la kila kitu.

Mkaa Sinza:
Binti Pangani, hapo sina la kubisha. Pole sana dada.

Mguu Kwa Mguu:
Mimi nilirithi fimbo ya mpingo ya babu, na ndiyo iliyonifundisha kutembea. Fimbo nzuri huwezi kuishika sebuleni, utaonekana unaigiza uzee, kwa hiyo nikaanza kuitafutia njia.

Njia nikaipata Pugu. Unafika Gongo la Mboto, unadandia gari la Kisarawe, unashuka kwenye msitu wa Pugu-Kazimzumbwi. Ni hifadhi, upo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo pita getini ulipie, usijifanye mwenyeji wa vichochoro. Ukishaingia hatua chache tu joto la mjini limekatika. Chini majani makavu, juu nyani wanagombana, na ukienda upande wa mapango ya mgodi wa zamani wa kaolini utakuta popo wa kutosha. Nenda na mtu anayejua njia, na viatu vya kufunga. Kuna jamaa alikuja na ndala, hatukurudi tukiwa marafiki.

Raha yangu hasa ni mabungo. Ukilipasua bungo, mbegu zimeshikana na nyama yake ya njano, utomvu unaganda vidoleni, na ule uchachu unakufunga jicho moja. Wengine wanatia sukari wanakoroga juisi. Mimi nafyonza hivyo hivyo nimekaa juu ya gogo, fimbo nimeilaza mapajani. Babu alikuwa mtu wa Kisarawe, na nina hakika hakuwahi kuita huku "kutembea". Alikuwa anaenda shamba.

Mtoto wa Temeke:
Kwetu mzee kaacha madeni tu 😂😂

Ila natania. Aliacha nafasi kwenye benchi. Kijiwe chake cha kahawa kipo hapa mtaani, na tangu azikwe wazee hawajamruhusu mtu mwingine akae pale pembeni karibu na ukuta. Siku nimepita kumlipa muuza kahawa deni la marehemu (nilisema yapo), wakaniambia "kaa kwa baba yako". Nikakaa. Kikombe kidogo kutoka kwenye dele, chungu kweli kweli, kashata mkononi, wanabishana Simba na Yanga mpaka adhana ya Isha. Sasa nipo pale karibu kila jioni. Hicho nacho utakifungia kabati gani?

Fundi Mama Kigamboni:
Nimewasoma wote. Niongezee kidogo kwa sababu naona watu wanatunza lakini vitu vinawaozea.

Huku pwani adui ni unyevu na chumvi. Cherehani ya mama, Singer ya kukanyaga, niliikuta imeshika kutu kwa kufunikwa nailoni miaka mingi. Nailoni inafungia jasho ndani. Funika kwa kitambaa cha pamba, na uitie mafuta ya cherehani hata kama hushoni. Mimi nashona, mapazia ya nyumba nzima yametoka pale.

Picha za studio za zamani ndiyo usiseme. Zikikaa kwenye fremu zikagusa kioo, masika moja tu zinagandia, na ukizibandua sura ya mtu inabaki kwenye kioo. Zitoe mapema, weka kipande cha kadibodi pembezoni ziache nafasi na kioo. Zilizokwisha kugandia usizivute, zipige picha kwa simu hivyo hivyo zikiwa ndani ya fremu, kivulini, bila mwanga wa simu.

Na nyuma ya kila picha andika majina kwa penseli, peni inavuja upande wa pili. Kwetu kuna harusi nzima, watu zaidi ya ishirini wamepanga mstari, na aliyekuwa anawajua alikuwa mama peke yake.

Baba Wawili:
Fundi Mama, na redio je? Nitoe betri?

Fundi Mama Kigamboni:
Toa leo leo. Zikivuja ndani, hata huko kukoroma hutakusikia tena.