Chambo cha nzi wa maembe kilipiwe na nani?

Muuzaji, Marikiti: Juzi mama mmoja alipasua embe hapo hapo mezani pangu. Kwa nje lilikuwa na kidoa tu, kama limedungwa sindano. Ndani kulikuwa na funza weupe, wengine wakijikunja na kuruka. Nilimrudishia pesa. Mkulima wangu wa Makueni ananiapia kwamba alitundika mtego, na picha akanitumia: ndoo ya manjano, nzi wamejaa hadi nusu.

Namwamini. Chambo chake ni kemikali iitwayo methili yujenoli, na harufu yake huita nzi madume peke yao. Jike aliyekwisha kupandwa kwa jirani anavuka ua, anataga ndani ya embe, basi. Mtego mmoja unakuonyesha nzi ni wengi kiasi gani, haukuokolei mavuno. Chambo chenye sumu kikitundikwa eneo zima kwa pamoja, madume wanakwisha na majike wanakosa wa kuwapanda. Kisiwani Rota, bahari ya Pasifiki, nzi hawa walitokomezwa hivyo miaka ya 1960. Ndiyo maana nasema kaunti ilipe, kama inavyochanja ng'ombe.

Mwenye miembe, Ruai: Pole kwa hasara, dada. Lakini ndoo ya bure nimeiona ikitekewa maji. Maembe yaliyoanguka yanaozea chini ya mti, funza wanaingia udongoni, wanatoka nzi. Hapo kinachotakiwa ni kuokota. Tena mwaka 2023 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kemikali hiyo kati ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Ndiyo unataka itundikwe kila boma?

Muuzaji, Marikiti: Kuokota ni lazima, kaka, hapo hatugombani. Hofu yako pia naielewa: mwenye kubadilisha chambo avae glavu, na watoto wasiguse. Lakini kemikali hiyo imo hata kwenye majani ya rehani, na ndani ya mtego haigusi tunda. Dawa ya kunyunyizia ndiyo inayotua kwenye ganda ambalo mtoto analimenya kwa meno.

Nzi hawa walionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003. Mwaka 2014 tukajizuia wenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu yao, na soko halikufunguka tena hadi 2021, baada ya wakulima wa Makueni kupambana nao eneo zima. Mmoja mmoja wasingefika.

Leo asubuhi nimempigia mkulima wangu. Anapakana na mashamba manne yenye miembe. Mwenye mtego ni yeye tu.