"Please find attached is": nani aliwafundisha kuandika hivi?

Wakuu, leo uvumilivu umenishinda. Kijana wa idara yetu kaandika barua pepe safi kabisa: "Please find attached the quarterly report." Bosi wake kaisoma, kachomeka "is" katikati, kamrudishia mbele ya idara nzima: "Please find attached is the quarterly report." Yaani sentensi iliyokuwa sahihi imeharibiwa na mwenye cheo, halafu aliyeandika vizuri ndiye anaambiwa hajui Kiingereza!

Sikilizeni. Kitenzi hapo ni "find", na ni ombi. Kinachoombwa kitazamwe ni ripoti. "Attached" inaeleza tu kwamba ripoti hiyo imeambatanishwa. Ndiyo maana ukiipanga "Please find the report attached" maana haibadiliki hata chembe. Haya, ichomekeni hiyo "is" yenu hapo: "Please find the report is attached." Imevunjika, siyo? Kama mnaipenda sana, ondoeni "please find", muandike "Attached is the report." Imekamilika, haidaiwi kitu. Mafaili yakiwa mengi, "Attached are the reports." Hizo ni sentensi mbili tofauti, kila moja inajitosheleza, nyinyi mmezigonganisha mkapata kitu kisicho sentensi.

Na wale wa "Please find herewith attached"? "Herewith" ni kusema pamoja na barua hii. Kilichoambatanishwa kingekuwa pamoja na nini kingine? "Enclosed" nayo ni ya barua ya karatasi, kitu kimetiwa ndani ya bahasha, ndiyo maana chini ya barua za zamani utakuta "Enc." Barua pepe ina bahasha gani? Utaratibu wa MIME uliotuwezesha kuambatanisha mafaili umekuwepo tangu 1992, bado watu wanaandika kana kwamba wanalamba stempu.

Sisemi "please find attached" yenyewe ni kosa. Wapo wanaoiona imechakaa, wanapendelea "I have attached the report", na kweli hiyo ni nyepesi zaidi. Mimi sina ugomvi nayo ikiandikwa inavyotakiwa.

Kinachonichoma ni hizi templeti. Mtu mmoja aliandika vibaya miaka hiyo, ikahifadhiwa, kila mwajiriwa mpya anapewa anakili. Akihama anaondoka nayo, anaiweka kwenye barua ya kuomba kazi, na huko anayeisoma anajua Kiingereza. Kosa hilo anahesabiwa yeye, siyo bosi aliyemlazimisha.

Wenye madaraka, kabla hamjapiga mstari mwekundu kwenye kazi ya mtu, fungueni kamusi. Na mlio chini yao, mkilazimishwa kuandika hivyo, jibuni kwa heshima na muulize hiyo "is" inafanya kazi gani pale. Wakishindwa kujibu, msiiweke.